Magoti ya Mwanangu

Ulikuwa mwaka wa ugali wa kununua. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba kuanzia kata ya Ndama hadi huku kwetu, na sisi watu ambao bila ndizi tunahesabu hatujala, tukasonga unga kama wageni kwenye nyumba zetu wenyewe. Mwaka huo mjukuu wangu akapata mchumba.

Nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikufa yeye akiwa bado anatambaa. Ilibaki picha moja tu: kasimama kando ya mkeka wa kuanikia kahawa, jua limemkunja uso. Sasa mjukuu akataka siku atakayoagwa kwenda kwa mume, mama yake aonekane ukutani, akitembea, akipiga magoti kuwasalimia wazee, maana kwetu mwanamke hasalimii mkubwa akiwa wima.

Akaniletea simu. "Bibi, picha ya mama nimezipa programu tatu za akili mnemba. Aliyemjua ni wewe. Niambie ipi inakwenda kama yeye."

Wifi yangu alikuwa anachambua maharage. "Haya, leo tuone marehemu akitembezwa."

Wa kwanza alipiga hatua kama yuko gwaride, magoti yote mawili yakaanguka pamoja, pu, kama mtu aliyepigwa risasi. "Huyo askari," nikasema. Wa pili aliteleza, nyayo hazigusi ardhi, na alipoinama goti likazama sakafuni kama kwenye tope.

"Na shingo hiyo!" wifi akacheka. "Haijawahi kubeba hata mkungu mmoja."

Wa tatu akatokea upande wa migomba. Akapunguza mwendo, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akashusha goti, kisha la pili, akainamisha kichwa. Midomo ikacheza bila sauti.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Wifi akaacha maharage. Mjukuu akaruka: "Ameitikia! Ndiye huyu!"

"Hakupiga magoti hivyo mwanangu. Sichagui."

"Lakini umeitikia, Bibi."

"Nimeitikia kwa adabu. Mtu akikupigia magoti unaitikia, mdomo haukusubiri."

"Basi alipigaje?" Hakuwa anabishana. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi sina kitu cha mama. Hata kosa lake moja silijui."

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini miguu ya watu naijua. Nikiwa jikoni nilimtambua anayekuja kwa vishindo tu, sikuhitaji kuchungulia. Nikamwambia, nishike mkono, nikuonyeshe.

"We wifi!" yule akapiga kelele. "Bibi anampigia magoti mjukuu? Unatafuta mkosi!"

Nikashuka hivyo hivyo. Nikamtafuta binti yangu ndani ya magoti yangu. Alianza na la kushoto? Gauni alilishika, au aliliacha? Kulikuwa na kitu alichokifanya kabla ya kugusa chini, kidogo tu, kilikuwa kinaniudhi, nilimgombeza kila siku. Miaka yote hii nimekibeba. Siku ile sikukikuta. Mwili ukafanya wenyewe: mkono, gauni, goti, goti la pili.

"Hivyo hivyo!" mjukuu akapiga makofi. "Sawasawa na wa tatu!"

Nikabaki pale sakafuni. Nikafumba macho nimtafute upya, tangu mwanzo, akitoka shambani na kanga imelowa umande. Akaja yule wa kwenye simu, laini, hana hata jasho. Nikamfukuza. Akarudi. Nikamfukuza tena, akarudi, akapiga magoti vizuri kabisa.

Wakaniinua kwa makwapa. Mjukuu akasogeza simu usoni kwangu, kidole tayari kubonyeza.

"Sema ndiyo tu, Bibi. Nakuomba. Watu wamuone mama."

"Hakupiga magoti hivyo mwanangu. Sichagui."