Neno Alilolitafuta Karani Jairus

Karani Jairus alitoka upande wa ziwani, lakini kambi yetu ya chai karibu na Kiptere ndiyo iliyomzeesha. Miaka kumi na tisa alipiga taipu barua za shamba. Mimi nilifagia ofisi hiyo, kwa hivyo namjua. Kabla ya kuandika jina la mtu, alimwita kwanza amuulize asije akalikosea.

Siku moja mwaka wa 1994 nilimkuta ameshika kichwa. Drusilla, mchuma majani, alikuwa ameacha laini yake ya kazi jana yake bila ruhusa, na nyapara akapeleka habari kwamba ametoroka. Meneja alitaka ripoti ya Kiingereza kabla ya saa kumi.

"Si uandike tu aliondoka?"

"Niliandika *left*, Mama Robert. Ameirudisha. Anasema hilo ni la watoto wa shule, nitafute neno la ofisi."

"Na la ofisi ni gani?"

"*Absconded*, yaani ametoroka kazi." Alilitamka polepole. "Nililiandika kumhusu Kepher, mchumaji mwenzake, mwaka jana. Siku ya tatu vyombo vyake vikatolewa nje, kwa mvua."

Drusilla alikuwa na watoto wanne, na nyumba ni ya shamba. Nikaanza kuomba moyoni, ufagio mkononi. Jairus alipitisha kidole kwenye kamusi yake. *Deserted*, ametelekeza kazi. Akatikisa kichwa. Aliandika, akachana. Saa tisa ikapita.

"Lakini alikwenda wapi huyu?" akauliza.

"Si dispensari! Mtoto alimwagikiwa na uji wa moto. Walipita hapo dirishani mbio, mama ana kiatu kimoja. Wamelazwa."

"Ulimwona? Na tangu asubuhi unafagia tu, umenyamaza!"

"Kwani uliniuliza, mzee?"

Akacheka kidogo, kisha akapiga taipu: *rushed*. "Maana yake alimkimbiza mtoto hospitali. Lakini mimi sikuona, na siwezi kuandika nisiloliona. Utakuja useme?"

Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Tukaingia. Meneja akasoma, akauliza nani alimwona.

"Me, sir. She run. She run and cry."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akatia sahihi, akaongeza kwa kalamu kwamba Drusilla apewe onyo tu.

Tuliporudi mezani kwake, Jairus alifunika taipureta. "Mungu ni mwema," nikasema.

"Nenda dispensari ukamwambie," akajibu. "Asilale na wasiwasi."