Jiwe la Mama Halima Lilivyolia

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya mawe lilikuwa kuamini kwamba jiwe gumu halivunjiki. Nilijifundisha mwenyewe pale kijijini Nuu, kwa kalamu yenye ncha ya almasi na kitabu kisicho na jalada.

Mama Halima, mjane wa mchuuzi wa mbuzi, aliniletea jiwe la kijani kutoka kwenye pete ya marehemu mumewe. "Kijana, niambie tu kama ni kipande cha chupa."

Nililikwaruza polepole kwa kalamu. Mstari ukatokea laini, kama kwenye sabuni. Mstari huo ungenitosha, lakini mimi hutaka uhakika, nikakandamiza. Hakuna ufa; chupa, niliamini, ingepasuka. Nikainua kalamu na kutangaza, "Ni jiwe halisi, mama."

Ndipo likaanza kulia kiganjani mwangu, tik, tik, bila kuguswa. Ufa ukatambaa ndani yake kama kitu kilichoamka, kisha kigamba kikaruka.

Mama Halima akarudi nyuma. "Umemfanya nini mzee wangu?"

"Huenda ni jini, mama."

Akatazama mkono wangu. "Na jini huyo ndiye aliyeshika kalamu?"

Siku hizi sikwaruzi jiwe la mtu. Nalipima kwa mizani, nje na ndani ya maji, na nisipojua, nasema sijui.