Tunda Katika Kaburi la Baba Yako

Iko siku moja naikumbuka kila nikipita pale kaburini kwa baba yako, mwanangu, na leo nitakusimulia, tena utakaa hapo mpaka nimalize. Weka hiyo simu chini. Najua wewe ni mchungaji sasa, una kanisa Kosele na watu wanasimama ukiingia. Lakini hapa nyumbani, kando ya ziwa, mimi ndimi mama, na mama leo amekasirika.

Mama Akoth alikuja kwangu jana. Macho yamemvimba, hata chai hakuimaliza. Kijana wake Ouma alizama kule upande wa visiwani, wakatafuta mpaka wakachoka, hawakumpata. Wazee wa ukoo wameamua Jumamosi wazike tunda la yago badala yake, kama ilivyo desturi ya huku mwili usipoonekana. Mama huyo akaja kanisani kwako kukuomba uwaombee kaburini. Nawe ukamjibu nini? Kwamba kanisa haliziki matunda. Kwamba mwenye imani halilii kaburi tupu. Aka! Umeyatoa wapi maneno hayo, mwanangu? Maana mimi nayajua. Niliambiwa mimi, hayo hayo, wewe ukiwa mgongoni mwangu.

Basi sikiliza.

Baba yako Okeyo hakuwa mvuvi hivi hivi tu. Wenzake walitega nyavu, yeye alivua kwa ndoana na mshipi, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Wageni walitoka mbali kumtafuta awapeleke kuvua mbuta. Nilimwona akimvuta mbuta aliyekuzidi wewe kwa uzito, anamvuta polepole huku anamsemesha, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkaidi aingie zizini. Wenye nyavu walimcheka ati anapoteza wakati. Yeye anawajibu, "Petro alipotumwa na Bwana, aliambiwa atupe ndoana!" Nao wanamrudishia, "Mara moja tu, Okeyo! Siku zote nyingine alikuwa na nyavu kama sisi!" Na samaki wa kwanza wa kila siku lazima amfungue kinywa achungulie kama ile shilingi aliyoikuta Petro kinywani mwa samaki imo. "Bado," anasema, kisha anacheka peke yake. Ufuo mzima ulipenda kumngoja aseme hiyo "bado" yake. Alikuwa mtu wa kupendwa, na si kwa sababu amekufa ndiyo nasema hivyo.

Mimi nilikuwa binti wa kule Kegonga. Alinikuta Isebania nauza ndizi, yeye kaleta samaki. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria, tukapendana kwa Kiswahili cha sokoni. Ndiyo maana wewe ukalelewa kwa Kiswahili, na ndiyo maana nakugombeza kwacho.

Asubuhi ile alitoka peke yake kutazama mahali pa kuwapeleka wageni. Ziwa likachafuka. Jioni boti yake ikapatikana imepinduka kwenye magugu maji, mshipi bado umefungwa kwenye ubao aliokuwa akikalia, ndoana inaning'inia majini. Yeye hayupo. Wale wale wa nyavu aliokuwa akitaniana nao waliacha kazi zao wakamtafuta. Ziwa halikumrudisha.

Mwanangu, mimi sikuweza kulia. Nilikauka. Mlango ukigongwa, nainuka nikidhani ni yeye. Nikipakua chakula, namwekea sahani yake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba yule Mkuria akili imemruka. Mtu ambaye hujamwona akiwa amelala maiti, unamlilia vipi? Ukimlilia, ni kama wewe ndiye umemuua.

Wazee walipoleta habari ya yago, niliona ajabu. Kwetu sikuyajua hayo. Ni lile tunda refu, gumu, lisiloliwa, ndilo linalowekwa kaburini badala ya mtu aliyepotea. Nikamwuliza mama mkwe wangu, Dani yako, kama huo si uchawi. Na Dani alikuwa mtu wa kanisa kukushinda wewe, usinikunjie uso! Akaniambia, "Boke, ni mahali tu. Mtu lazima awe na mahali pa kwenda kumwona mtu wake."

Siku ya mazishi mhubiri wetu akaja. Mhubiri huyo alikuwa amekula samaki wa baba yako tangu mimi sijaolewa, na kichwa cha mbuta kila Jumapili kilikuwa chake. Akaliona shimo. Akaliona yago limefungwa ndani ya shati la kanisani la baba yako, shati lile jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Akafunga Biblia yake pale pale mbele ya watu. Akasema kanisa haliziki matunda. Akanigeukia mimi, mjane mwenye mtoto mgongoni, akaniambia nina imani haba, kwamba mwenye imani halilii kaburi tupu. Halafu akaanza kuondoka, na waumini wakaanza kumfuata, watu niliowapikia, hata kunitazama hawakunitazama. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Aliyebeba ndiye anayejua.

Dani akainuka. Unamkumbuka alivyokuwa, mfupi, miguu imevimba, sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji.

"Mhubiri, simama!"

Akasimama.

"Mungu anajua mwanangu alipo?"

"Anajua, mama."

"Anahitaji kaburi ndipo amwone?"

"Hahitaji."

"Basi hili kaburi si la Mungu. Ni letu sisi tusiojua. Wewe unajua alipo?"

Mhubiri akaubana mwavuli wake kwapani.

"Kama hujui, njoo ukae nasi katika huku kutojua. Na kama huwezi, nenda zako. Lakini usiseme ni Mungu aliyekutuma uondoke."

Akaenda. Ndiyo, alienda zake, na mwavuli wake kwapani! Dani hakumtazama mara ya pili. Akaliokota yago, akaniwekea mikononi. Zito, mwanangu. Zito kama mtoto unayempokea amelala. Nikausikia ule uzito ndani ya lile shati, na hapo ndipo machozi yakaja. Nililia mpaka wewe mgongoni ukalia nami. Nikaliweka chini kwa mikono yangu, Dani akaweka ule mshipi juu yake pamoja na ndoana. Akaomba maneno machache tu. "Nyasaye, Mungu wetu, alipo mwanangu na wewe upo. Sisi tuko hapa." Amina iliyoitikiwa na wale wavuvi, watu ambao kanisani walionekana Krismasi tu, sijasikia nyingine kama hiyo. Na mmoja wa wenye nyavu, anatupia udongo, akasema, "Okeyo, huko uliko, usisahau kuchungulia kinywani." Tukacheka huku tunalia. Usiku ule nilipakua chakula, sikumwekea sahani.

Sasa nikuulize, mchungaji. Siku ulipowekewa mikono, kabla hujaingia kanisani, ulikwenda wapi? Ulikwenda pale kaburini ukapiga magoti na suti yako mpya. Ukasema, "Baba, nimefika." Nilikuwa nyuma yako, nilikusikia. Mbona siku ile hukusema ni tunda? Ulijua toka utotoni kilichomo. Ulikuwa na mahali pa kumwambia baba yako, ukaona ni halali. Leo Mama Akoth anataka mahali kama hapo kwa mwanawe, wewe unamfungia Biblia! Aibu, mwanangu. Naiona aibu mimi niliyekuzaa.

Nasaha yangu ni hii. Imani hukupewa upimie machozi ya wenzio. Kama Mungu anatosha, na anatosha, basi hatishwi na tunda ndani ya shati. Mwenye msiba usimfundishe kwanza. Kaa naye chini, mengine yatafuata. Na usijifanye unajua pale ambapo hujui. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi wa Ouma amekuja kwako kwa miguu.

Jumamosi mimi nitakuwa Kosele, kwenye mazishi ya Ouma. Miguu yangu nayo imeanza kuvimba kama ya Dani, lakini itanifikisha. Ukija na Biblia yako iliyofunguliwa, nitakaa nyuma na wanawake wenzangu, ninyamaze kimya. Usipokuja, nitaomba mimi, na Mungu atasikia Kiswahili changu cha sokoni.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu wa baba yako akulinde nchi kavu na majini. Akupe moyo mwepesi wa kulia na ulimi mzito wa kuhukumu. Watu wako asipotee hata mmoja, na akipotea, usikose mtu wa kusimama nawe pale shimoni. Amina. Sasa nenda kwa Mama Akoth, usingoje Jumamosi. Jana aliniambia ameshalifua shati la Ouma la kanisani, na hana mtu wa kumsaidia kulikunja.