Dua Niliyoiandika Kwenye Faili la Watu Wote

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa Dada Rehema atatia na chumvi, na yeye chumvi hajui kupima.

Dada Rehema ni Mtanga mwenzangu, jirani yangu hapa Irving, Marekani, na ndiye aliyenidhamini kwa bosi wake mjini Plano nilipofika na digrii yangu ya uhasibu kutoka nyumbani: mwezi mmoja wa majaribio, nikifanya vizuri naajiriwa. Asubuhi ile kwenye gari lake akaniambia, "Mdogo wangu, jina langu ndilo lililokuingiza pale. Kitu hukijui, uliza."

Jamani ile ofisi! Vioo mpaka juu, zulia linameza hatua, na mimi nikapewa skrini mbili peke yangu (chuoni kule nyumbani kompyuta moja tuligombania wanne, na mitihani yote ni kalamu na kikokotoo). Bosi, mama wa Kizungu anaitwa Carol, akanifungulia faili la malipo ya wauzaji, akaniuliza kama najua linavyofanya kazi, nami kwa kuogopa kuonekana mshamba nikasema najua.

Nilichojua mimi ni mtihani, na kwenye mtihani karatasi ni yako, unaifunika kwa mkono mwenzako asichungulie. Basi juu kabisa nikaandika, kama nilivyozoea tangu sekondari, "Ya Rabi nisaidie, huyu mama ana macho makali," nikijua nitafuta baadaye. Nikaona vijisanduku vya rangi vinatembeatembea humo ndani, nikasema moyoni, Wamarekani kwa mapambo! Kisha nikayapanga majina ya wauzaji kwa alfabeti, majina tu, fedha zikabaki zilipokuwa, muuza karatasi akaangukia malipo ya mjenzi.

Kumbe vile vijisanduku ni watu, kila mmoja kalifungua faili kwenye kompyuta yake! Kumbe nyuma ya kioo timu nzima iko mkutanoni, faili lile lile limejaa kwenye skrini ya ukutani, na dua yangu juu yake kama kichwa cha habari.

Nikaitwa mle ndani, Dada Rehema naye yumo. Carol akamuuliza Dada Rehema pale pameandikwa nini. Nikamsihi kwa macho, wapi! Akatafsiri yote, mpaka macho makali. Watu wakainamia vikombe vyao vya kahawa.

"Ume-sort majina peke yake!" Dada Rehema akaninong'oneza. "Si nilikwambia uliza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo Carol akabonyeza mahali, na faili likarudi kama lilivyokuwa asubuhi, kila jina na fedha yake. Wallahi nilisahau aibu! Miaka yote ya chuo nilifundishwa kosa unalikata kwa mstari na kutia sahihi, hakuna aliyeniambia kwamba asubuhi inaweza kurudishwa. Nikabaki mdomo wazi, "Subhanallah!" ikanitoka kwa sauti.

Carol akacheka, akasema Mungu naye aombwe, ila yeye wa kuulizwa yuko meza ya tatu tu kutoka yangu.

Mwezi wa majaribio ukawa miwili, kisha wakaniajiri. Siku hizi nauliza mpaka wenzangu wananikwepa kwenye mashine ya kahawa. Na dua bado naomba kila asubuhi, ila naiombea moyoni, asome Mwenyewe peke yake.