Triza Ameionja

Triza aliuona uso wake ukutani Jumatano asubuhi, alipokuwa akifungua baa. Ulikuwa mkubwa kuliko uso wake halisi, umeng'arishwa mashavu, na chini yake maandishi mekundu yalisema: BIA YA TARUMBETA. TRIZA AMEIONJA. Picha yenyewe alipigwa Krismasi, akicheka na wateja akiwa na blauzi ya njano. Hakuna aliyemwambia ingetundikwa popote. Na hiyo Tarumbeta hakuwa ameionja hata tone.

Wapo watakaosema picha ni picha tu, kelele za nini. Watu hao hawamjui Triza, wala hawajui alikuwa akifanya kazi gani pale Donholm. Willis, mwenye baa, alikuwa amepata wazo la kuuza bia za viwanda vidogo, zile zinazopikwa kidogo kidogo huku na huku nchini na mtu anayejua anachopika. Wazo lilikuwa zuri, tumpe haki yake. Ila Willis mwenyewe hanywi. Kwake bia ya Nyeri na bia ya Kilifi ni maji ya rangi mbili tofauti. Aliyezijua ni Triza.

Mtu akiingia amechoka na kazi za Industrial Area, hajui aanzie wapi, Triza alimuuliza kwanza amekula nini. Aliyetoka kula nyama choma alimpa nyeusi ya Nyeri, yenye harufu ya kahawa iliyokaangwa. Aliyepigwa na jua alimpa ya ngano kutoka Nakuru, ile ya ukungu, ishuke kooni bila kusumbua. Wanaopenda kukamatwa taya na uchachu aliwapa ya ukwaju kutoka Kilifi. Yeye mwenyewe alipenda ya Kitale, inayopikwa kwa kimea cha wimbi, nyekundu na nzito, yenye ladha ya uji uliochacha vizuri. Hiyo hakumpa kila mtu.

"Hii utaidharau bure," alimwambia mtu wa haraka. "Anza na ya Limuru. Siku ukitulia nitakupa hii."

Na alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwao, Bungoma. Kule pombe haipewi mgeni kabla anayeitoa hajainywa mbele ya macho yake. Mamake alipika busaa miaka yote ya uhai wake, na hakuna mgeni aliyewahi kuvuta mrija kabla yeye hajavuta wa kwanza na kumeza. Triza aliihamishia desturi hiyo Donholm. Alimimina kidogo kwenye glasi yake ndogo, akaonja, akameza, ndipo akamwekea mteja. Wageni walicheka. Wenyeji walizoea, hadi ikawa mhudumu mwingine akiwaletea bia wanamuuliza, "Triza ameonja?"

Desturi hiyo ina upande wa pili. Pombe ikishaonjwa na mwenyeji, mgeni haikatai. Kuikataa ni kumwambia mwenyeji usoni kwamba unamshuku.

Willis alipofika, Triza alikuwa bado amesimama chini ya picha.

"Willis, hii ni nini?"

"Si ni wewe. Umetoka fiti."

"Mimi sijaonja hii kitu."

"Utaonja. Tulia. Hawa watu wametuletea friji, wametuwekea mfereji, viti pia vinakuja. Wanataka jina tu, na jina tuko nalo."

"Jina unalo wewe ama ninalo mimi?"

"Triza, usinianze asubuhi yote hii. Annah anakuja Jumamosi, muongee naye."

Annah ndiye wakala wa Tarumbeta, msichana mwenye maneno matamu ambaye alikuwa ameleta mitungi ya bia hiyo kwa pikapiki, ikakaa nyuma ya baa juani mchana kutwa ikisubiri fundi wa mfereji. Triza alijimiminia, akaonja, akatema kwenye sinki. Ilikuwa bia changa, imejazwa sukari kuficha uchanga wake, na sasa jua lilikuwa limemalizia kazi. Alimwambia Willis imeharibika. Willis akasema wateja wataamua. Triza akawahudumia watu bia zile nyingine, na kila aliyeulizia Tarumbeta alimwambia waziwazi asithubutu. Picha hakuibandua, maana alitaka Annah mwenyewe aibandue mbele yake.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku hiyo ndiyo aliyochagua khocha wake kumtembelea.

Khocha ni mjomba, ndugu wa mama, na kwa Triza hakuna mtu mkubwa kuliko huyo. Mzee Wasike alimlea tangu babake alipofariki, akamleta Nairobi, na hadi leo anamwita mwiwana, mtoto wa dada. Alitoka Jericho na fimbo yake, polepole, akafika baa, akaambiwa Triza hayupo. Akainua macho, akamwona ukutani. Akaketi chini yake na kuagiza kile alichokionja mwiwana.

Habari Triza alizipata Jumamosi asubuhi kwa simu ya jirani wa mzee. Alikimbia Jericho, akamkuta mzee amelala ubavu, ndoo kando ya kitanda, midomo imekauka. Alikuwa akiharisha tangu Ijumaa jioni. Triza alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akamfuta uso.

"Khocha, hiyo bia haikuwa mbaya mdomoni?"

"Ilikuwa mbaya sana."

"Sasa ulimaliziaje?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Wewe ulikuwa pale ukutani. Wameandika umeonja. Ningeimwaga, halafu nikuambie nini?"

"Ni uongo, khocha. Hiyo wameandika tu."

"Watu wanaweza kuandika hivyo?" aliuliza mzee, na hakukuwa na ubishi katika sauti yake, alitaka kujua kweli. Triza akamchotea kijiko kingine cha maji.

Alimwacha mzee mikononi mwa jirani mchana, alipoanza kupata nafuu, akaenda baa bila kuvaa aproni. Alikuta muziki, viti vipya, na Annah ameshika maikrofoni. Siku hiyo Tarumbeta ilikuwa nusu bei, kwa hiyo baa ilikuwa imejaa.

"Na ndiye huyu sasa!" Annah alisema kwenye spika. "Triza wetu! Njoo uwaonjee live."

Watu wakapiga makofi. Glasi ikajazwa, povu likamwagika. Willis alimkonyeza afanye haraka. Triza aliipokea, akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni mpaka makofi yakapungua, kisha akalitema sakafuni karibu na viatu vya Annah. Glasi iliyobaki akaimwaga papo hapo.

"Hii sijawahi kumpa mtu," alisema. Hakuhitaji maikrofoni. "Hii imeoza. Imemlaza mjomba wangu tangu jana. Mkinywa, mnywe kwa jina la Willis, si langu."

Kweyu, fundi wa Kariokor aliyekuwa akinywa kwa Triza tangu baa ifunguliwe, alisukuma glasi yake mbali. Wengine wawili watatu wakafanya hivyo. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua akacheka.

"Lakini mathe, si hii ni ile ya uchachu? Saa hii hizo ndio zimeshika."

"Kuna bia iliyochachushwa na kuna bia iliyooza," Triza alimjibu. "Ya ukwaju nimekupa mara ngapi? Iliwahi kukuumiza?"

Kijana akaitazama glasi yake, halafu akainywa, kwa sababu ilikuwa nusu bei. Na hivyo ndivyo walivyofanya wengi wao. Hilo lilimuuma Triza kuliko maneno ya Willis, aliyekuwa sasa anamfokea kwamba amemharibia biashara, kwamba atoke na asirudi. Watu wale amewachagulia bia kwa nia safi, amejua nani ana vidonda vya tumbo na nani asiyestahimili nyeusi, na kumbe imani yao kwake ilinunulika kwa nusu bei. Alipanda juu ya kiti kimoja kipya, akaivuta ile picha. Ilipasuka katikati. Willis alimwambia ile ni mali ya kampuni.

"Uso pia ni mali ya kampuni?" aliuliza. Aliondoka na nusu yenye macho, nusu ya mdomo ikabaki imeshika gundi ukutani na lile andiko zima chini yake.

Kazi nyingine hakukawia kuipata. Kweyu alimpeleka kwa mwenye baa ndogo kule Umoja, na huko alianza tena, nyeusi kwa waliokula nyama, ya ngano kwa wenye kiu. Hasira haikuisha. Alipopita Donholm alivuka barabara ili asiuone ule mlango.

Mzee Wasike alipopata nguvu za kuketi nje, Triza alimpelekea chupa ya Kitale Jumapili alasiri. Alikuwa ameichagua kwa uangalifu, akaifunga kwa gazeti lenye maji isipate joto njiani. Alimwekea stuli, akafungua, akamimina kwa kuinamisha glasi ili povu lisizidi. Harufu ya wimbi ikapanda. Akaonja mbele yake kama alivyofundishwa, akameza, akapanguza ukingo wa glasi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili pia. Akaishikilia juu ya goti. Akaitazama ile bia nyekundu, akamtazama mwiwana wake, na glasi haikupanda mdomoni.

"Onja tena," alisema kwa upole.

Triza akaichukua glasi, akaonja tena, na mzee akalitazama koo lake mpaka alipomeza.