Mgeni Tuliyemkaribisha Kyoto

Sikulazimishi uniamini, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, na akili zangu timamu. Mimi mtu wa Unguja, naishi Wheaton, Maryland, huku Marekani, na binti yangu Nasra. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu ni Kiingereza kitupu. Neno moja tu hulitamka vizuri, na nilimfundisha mwenyewe kwa kujidai: "karibu."

Likizo iliyopita tulikwenda Kyoto, Japani. Tukazunguka mahekalu mpaka miguu ikavimba. Jioni moja tukapanda kilima chenye milango myekundu iliyofuatana, na mbweha wa mawe kila pembe; wenyeji husema mbweha hujigeuza mtu. Watu wakapungua. Tukakaa kwenye ngazi, tukala vitonge vya wali vilivyofungwa ndani ya tofu ya kukaanga, ile jibini ya soya.

Bibi kizee mmoja akaja kukaa karibu yetu, macho kwenye chakula. Hebu niambie, mtu wa pwani utakulaje mwenzio anakutazama? Nikampa. Akameza bila kutafuna, kisha akamkazia macho Nasra. Nami kwa mazoea tu nikamwambia, "Karibu na kwetu, bibi." Si tunawaambia watu wote hivyo, wala hatutazamii waje?

Akanijibu kwa Kiswahili safi, "Nishakaribia, mwanangu."

Wallahi sikungoja la pili. Nikamshika mtoto mkono tukateremka mbio. Nilipogeuka, ngazi zilikuwa tupu. Nikajiambia ni uchovu.

Siku ya theluji ya kwanza hapa Wheaton, niko jikoni, nikasikia mlangoni, "Hodi." Sauti ile ile. Mwiko ukanidondoka. Nikanyamaza, maana kwetu hodi ikipigwa mara tatu bila kujibiwa, mgeni hurudi zake. Ikaja ya pili. Nikaziba mdomo, naomba Mungu. Ikaja ya tatu, na hapo hapo nikamsikia Nasra ukumbini, kwa furaha:

"Karibu!"

Nilipofika, mlango uko wazi na mtoto amesimama peke yake, anatabasamu. "Mom, it's that old lady from Kyoto. She was so cold." Yule bibi wa Kyoto, eti kasikia baridi.

Nje, kwenye theluji, nyayo ndogo za mnyama zilikuja mpaka kizingitini. Za kurudi hazikuwepo.

Tumesomewa, tumefukiza ubani, wapi! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nitampaje, na amekaa ndani ya mtoto wangu? Nasra sasa anameza bila kutafuna. Kiingereza amekiacha kabisa. Miaka yote nilimgombeza aseme Kiswahili, na leo nalia nikikisikia. Jana nilimsihi, "Niambie japo neno moja, sema *Mom*." Akanishika shavu: "Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Basi wewe unayenisikiliza, ukiwa ugenini mpe mtu chakula, mpe na salamu. Karibu ya nyumba yako usiitoe kwa usiyemjua. Naogopa mno, na mwanangu namtaka.