Mchoro wa Binti wa Tatu

Kinachonitia kinyaa hadi leo ni kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetundika mchoro ule, kwa vibanio vya nguo, nikahakikisha umekaa sawa.

Nilikuwa nimetoka chuoni Butembo na diploma ya saikolojia, nikapata kazi yangu ya kwanza Beni, kwenye kituo kinachosaidia vijana walioonja vita wakiwa wadogo. Mimi huwaza kila kitu mara tatu. Kabla ya kikao nilijiuliza kama shati langu ni jekundu mno, kama mlango ufungwe au ubaki wazi nusu. Msichana mmoja wa miaka kumi na mitano alikaa vikao sita bila kusema neno. Siku ya saba akachora: nyumba yenye baiskeli ya bluu ukutani, mwanamke mlangoni akiwa amefungua mdomo, na katikati ya mihogo mtoto aliyejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama alikuwa ananiita," akasema. "Miye hapana kujibu."

Hiyo ndiyo asubuhi mama yake aliyouawa. Nyumbani waliamini alikuwa ameenda kuchota maji. Nikamwahidi kwamba karatasi ile ingebaki kati yetu wawili.

Kisha wafadhili wakatangaza ziara. Mratibu wetu akataka michoro ya vijana wote itundikwe ukumbini. Nilipomwambia nimewaahidi vijana wote siri, akacheka.

"Petit, mdogo wangu, unawaza sana. Andika jina la kuzaliwa tu. Mabinti ba tatu ni bangapi hapa Beni? Nani atajua?"

Kwetu Wanande, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Ukiita jina la binti wa tatu sokoni, wanageuka kumi. Siku mbili nilipima hoja hiyo na kuiona haina kasoro. Nilichunguza jina mpaka likaisha. Baiskeli sikuiwaza hata kidogo.

Siku ya ziara wazazi walialikwa wajaze viti. Shangazi anayemlea msichana yule alipita mbele ya kamba ya michoro, akasimama.

"Eh! Mais hii njo baiskeli ya kaka yangu!"

Akasogeza uso karibu. Akamwona mtoto kwenye mihogo. Akageuka kumtafuta msichana, aliyekuwa amepangwa mstari na wenzake tayari kuimba.

"Donc ulikuwa pale? Ulituambia ulikuwa ku mayi! Mama yako anaita, na weye unanyamaza?"

Mgeni mmoja, sambusa mkononi, akauliza kwa Kifaransa mama huyo anasema nini.

"Amefurahishwa na mchoro," mratibu akatafsiri.

Mgeni akatabasamu, akanyoosha karatasi kwa vidole vyenye mafuta ili apige picha. Msichana hakumtazama shangazi yake. Alinitazama mimi, kisha akatoka kwenye mstari na kwenda zake. Wenzake wakaimba. Nami nikapiga makofi; mikono yangu ilifanya hivyo, na nimeichukia.

Kesho yake asubuhi niliutoa mchoro kwenye kamba, nikapanda motari, pikipiki ya abiria, hadi mtaa wa Mulekera. Njiani nilitunga namna nne za kuomba msamaha. Nilimkuta uani akisugua sufuria kwa majivu. Shangazi alikuwa mlangoni. Nikasahau zote nne, nikanyoosha mkono wenye karatasi tu.

Hakuipokea.

"Yaya," akaniita, kama aitwavyo kaka mkubwa, "za bengine ziko wapi?"

"Bado ukumbini."

"Nabo uliwaambia ni kati yenu tu?"

"Ndiyo."

"Sasa unaniletea yangu peke yake juu ya nini? Juu miye njo nililia?"

Hakuwa amelia. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona ni upuuzi.

"Rudishia bale bengine zabo kwanza," akasema, akainamia sufuria yake.

Nilirudi na motari ile ile, karatasi yake mkononi. Mratibu alikuwa ukumbini akipanga viti, akaniona nikisogelea kamba.

"Hapana gusa, petit. Wageni bengine banakuja Ijumaa."

Nilikuwa na majibu mengi, yote marefu. Nikapanda juu ya benchi, nikaanza na mchoro wa karibu na dirisha. Ilikuwa kumi na tisa, na kila mmoja nilijua nyumba ya kuupeleka.